Kisanduku cha Njikam

Alasiri ya Jumatano swala iliisha kwanza, kisha benchi letu la mtaa wa Ruwais, huku ugenini, likajaa, kisha dalla, birika la kahawa, ikafika. Ndipo Gilbert, karani wa bandarini tunayemwita Mhakiki, alipotoa karatasi. Ilikuwa nakala ya barua pepe ya mwenzake wa zamu, Njikam, Mkameruni ambaye ikama yake, kibali cha kuishi na kufanya kazi huku, ilingoja sahihi ya bosi siku hiyohiyo. Chini ya jina lake palikuwa na kisanduku chenye tarakimu: 016 juu, 881 chini.

— Wiki ya tatu anaiweka hii, akasema Mhakiki. Si kontena, si gati. Nimekagua orodha zote.

Hezron, dereva kutoka Kisumu, tunamwita Setilaiti kwa kuwa hakuna asichokiona.

— Hicho ni kitasa, buda. Barua inafungwa, wa kuifungua ni mmoja tu.

— Mbona mimi nimeifungua?

— Ndiyo mtego wenyewe! Sasa wanakujua.

Mhakiki akaweka kikombe chini.

— Nani wananijua?

— 016 ni meli. 881 ni saa.

— Saa 881 iko wapi, Setilaiti?

— Basi ni watu. Watu mia nane themanini na moja!

— Wa kufanya nini?

— Hilo ndilo hawataki tujue.

Nakiri kwamba nilitikisa kichwa kukubali, nikajimiminia kikombe cha tatu.

Akapita Allan, fundi simu wa Tanga, mgeni mtaani. Akaisoma karatasi, akabonyeza tarakimu zile kwenye simu yake, kisha akatugeuzia kioo. Palikuwa na alama moja ndogo nyeusi.

— Herufi hiyo, jamani. Ya maandishi ya kale ya Wabamum, hukohuko Kamerun. Kila herufi imepewa namba yake ya kompyuta. Mashine ya ofisini kwenu haina umbo lake, ndiyo maana inawaonyesha namba tupu.

— Na anaiweka ya nini? akauliza Setilaiti, sauti imeshuka.

— Mimi nitajuaje? Mwenyewe alisemaje mlipomuuliza?

Nikainamisha dalla, yakatoka machicha matupu ya kahawa.

— Mhakiki, nikasema, ulimuuliza?

— Ripoti nilishampelekea bosi saa tisa...

Simu yake ikatetemeka mapajani. Bosi alikuwa amejibu kwa maneno mawili: Njikam, halas. Yaani amekwisha, ikama haisainiwi tena.