Mama Miayo Aweka Kalamu Chini

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuandika habari za sayansi, Mama Miayo anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini ya mwezi wa tisa. Alikuwa mwandishi wa kujitegemea, maana yake hakuna ofisi iliyomwajiri, na hakuna ofisi ya kumuaga. Kazi hiyo imetuangukia sisi wachimbaji wa mabaki ya kale wa kambi ya pangoni, ambao tukiondoka hatuagwi na mtu.

Aliandika kuhusu ndege wanaohama, homa za mbu, na watu wa kale waliowazika wafu wao wakiwa wamekunjwa magoti. Kila msimu wa kuchimba alifika na begi moja na kiti cha kukunja. Hakuna aliyewahi kumwona akikikalia kiti hicho, kwa sababu mpishi wa kambi alikuwa akimtangulia kukikalia.

Jina lake alilipata kwa haki. Kabla ya kutuma makala kwa mhariri, alitusomea wakati wa chakula cha mchana, chini ya turubai. Mtu akipiga miayo, sentensi ile inafutwa. Hakuuliza kwa nini. Ila alisahau kwamba mtu aliyebeba udongo tangu alfajiri hupiga miayo hata akisomewa habari za kifo chake. Makala yake ya popo, aliyoihangaikia msimu mzima, aliisoma siku tuliyohamisha mawe. Ilitoka na aya mbili, na moja ilieleza picha.

Msikilizaji wake mkuu alikuwa Mzee wa Chekeche, aliyekuwa akichekecha udongo kutafuta vipande vya mifupa. Huyo hakungoja miayo. "Dada, hapo umetupoteza," alikuwa akisema, "rudi ulikotoka." Naye Mama Miayo alirudi.

Msimu mmoja yakapatikana makaburi ya kale ndani kabisa ya pango. Mhariri alitaka mifupa. Mama Miayo akaandika mifupa, kisha akaandika na vumbi, kwa sababu tulikuwa tunachekecha udongo mkavu bila kitu puani, na Mzee wa Chekeche alikuwa amefika mahali pa kulala ameketi kwa kukosa pumzi. Msimamizi wa kambi akamwambia achague: afute vumbi, au asikanyage tena hapa.

Alitusomea siku hiyohiyo. Hakuna aliyepiga miayo. Tulikohoa tu, mpaka ikabidi asimame mara kwa mara atungoje. Kwa kanuni yake mwenyewe, hakuwa na cha kufuta.

Makala ikatoka nzima, naye akafungiwa mlango misimu miwili. Mpishi akabaki na kiti. Mchana tulikula kimya kama watu waliogombana. Lakini msimu wa pili haujaisha tukaletewa barakoa, na amri ikatoka kwamba udongo umwagiwe maji kabla ya kuguswa. Msimamizi alisema hilo lilikuwa wazo lake la siku nyingi. Hatukubishana naye; tulikuwa tunapumua.

Mzee wa Chekeche alivaa barakoa yake wiki chache, kisha akarudishwa kwao, na huko hakukaa sana. Mama Miayo aliwahi kumfuata huko, akamsomea makala ile ya vumbi yote kando ya kitanda. Mwanawe anasema mzee alipiga miayo mara moja tu, kwenye sentensi iliyoongezwa na mhariri.

Sasa daktari amemkataza vumbi Mama Miayo mwenyewe, maana misimu yote hiyo alikuwa mdomoni mwa pango pamoja nasi. Hiyo ndiyo sababu ya kustaafu. Habari za kutaka kulea wajukuu anazisema kwa adabu tu.

Ijumaa atatusomea makala ya mwisho. Tumekubaliana asubuhi hiyo hakuna kubeba mawe. Mpishi atakirudisha kiti. Na uwanja wote tutaumwagia maji kabla hajashuka garini.

Mama yetu, asante. Mungu akupe pumzi ndefu.