Rojo la Marehemu Mama

Nilikuwa nimempakata mwanangu kwenye basi, nyuma ya mshonaji aliyekumbatia bakuli, futi yake ya kupimia ameisahau shingoni. Mama wa makamo aliyeketi naye alishindwa kuvumilia harufu ya kitunguu saumu.

"Umebeba nini humo, mwanangu?"

"Rojo la mchicha la kuchovya mkate, shangazi. Leo baba anatimiza miaka sabini. Marehemu mama alilipika kwa malai na jibini tele, na baba alifuta bakuli mpaka likang'aa. Sasa moyo unamsumbua, daktari amemkataza mafuta. Hili nimelitia mtindi niliouchuja kwa kitambaa."

"Umemwambia?"

"Simwambii ng'o! Akijua, hataonja."

"Ulimi uliolishwa na mke mmoja maisha yote haudanganyiki. Hebu."

Akachovya kidole bila kukaribishwa, akakilamba. Nami nikamkumbuka mama yangu akinilambisha mwiko jikoni.

"Mama yako yumo humu," akasema, kana kwamba yeye na marehemu walikuwa mashoga. "Ndiyo maana umwambie."

"Ndiyo maana nisimwambie!"

Basi likasimama. Mshonaji akashuka na bakuli lake, na yule mama akafungua dirisha ili aendelee kumbishia.