Sufuria Mlangoni kwa Shangazi

Assalaam alaykum, mama zangu na dada zangu wa chama hiki cha kulea yatima. Mwenyekiti amenitambulisha kwenu kuwa mimi ndiye niliyewashika wadogo zangu baada ya kufiwa na wazazi. Astaghfirullah! Nimesimama niuondoe uongo huo, maana umenichosha.

Mwaka tuliopata uhuru mama alitufia, hapa hapa Mutsamudu. Baba alishatangulia. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mdogo wangu wa kike kumi, wa kiume mitano. Matanga hayajaisha, mjomba akaja kutoka Moroni, kisiwa kingine, kumchukua wa kiume, akamlee kwake mtaani Magoudjou. Mtoto alinishika gauni, mimi nikamshika yeye, mjomba akatubandua vidole kimoja kimoja. Nikaapa nitamrudisha, tuishi watatu chini ya paa moja.

Sisi wawili tuliobaki tulilishwa na shangazi, dada yake baba, mjane wa kichochoro cha pili. Kila jioni tulikuta sufuria mlangoni, imefunikwa kwa sahani. Muhogo wa nazi, mara mojamoja na samaki. Hakubisha hodi, kwa sababu hakutaka tuone haya.

Ndipo ukaja utawala wa vijana. Mnaukumbuka, msijifanye hamkuwepo! Wenzangu wa shule walipewa bunduki, wazee wakanyamazishwa. Kamati ya mtaa ikaniambia: jiunge, tutakupa cheti cha kwenda Moroni, umchukue mtoto, na mjomba hatakuwa na la kusema. Nilijiunga siku hiyo hiyo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwavua wanawake shiromani zao, zile nguo za kujitanda, eti kujifunika ni ushamba. Ndugu zangu, nawaambia, kwenye foleni ya bombani wa tatu alikuwa shangazi. Nilimwomba kwa macho aondoke. Hakuondoka. Mkuu wetu akaniuliza, "Vipi, cheti hukitaki?"

Nikaivuta shiromani yake. Ikachanika begani. Shangazi akabaki kichwa wazi mbele ya wanaume, ndoo mkononi.

"Na jana nilikupikia," akasema. Hayo tu.

Cheti nilikipata. Huko Magoudjou nilimkuta mdogo wangu keshakuwa mtoto wa watu, anamwita mke wa mjomba mama. Alilia safari nzima na kunipiga mateke. Nikajiambia atazoea, si tuko watatu sasa? Lakini mlangoni hapakuwa na sufuria tena, na njaa ilituadabisha hasa.

Utawala ulipoanguka, ndugu wa mama wakatutoa kwenye nyumba ya ukoo. "Aliyevua watu nguo halali humu!" Milango yote niliyogonga ilifungwa. Mwisho nikawapeleka wadogo zangu kwa shangazi, nikapiga magoti kizingitini. Alitazama juu ya kichwa changu.

"Watoto waingie," akasema. "Huyo abaki huko huko."

Ningeweza kuwaburuta tena, kiburi nilikuwa nacho. Yule wa kiume, aliyekwisha kunizoea, akaning'ang'ania gauni. Nikambandua vidole kimoja kimoja, mimi mwenyewe, nikamsukuma ndani.

Nilipata kazi ya kufua mashuka hospitalini Hombo, nikalala kwa mfuaji mwenzangu. Kila Ijumaa niliacha sufuria mlangoni kwa shangazi, imefunikwa kwa sahani. Wao walikula. Sufuria ilirudi imeoshwa, ikaningoja kizingitini. Miaka tisa hivyo, na hata salamu hakunipa. Sikumlaumu, ila niliumia, tena niliumia sana.

Siku aliyofariki niliitwa kusaidia kumwosha. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia.

Namshukuru yule mfuaji aliyenigawia nusu ya mkeka wake. Namshukuru shangazi, Mungu amrehemu: yeye ndiye aliyewashika wadogo zangu, si mimi. Nanyi mnaolea yatima, msitafute nguvu ya wenye bunduki kuwakusanya watoto, na anayewalisha msimvunjie heshima, hata mkiahidiwa nini.

Siku ile ya kumwosha shangazi, mdogo wangu wa kike aliniambia, "Leta maji." Nikasimama katikati ya nyumba waliyokulia ndugu zangu, nikitazama huku na huku. Ilibidi nionyeshwe mtungi ulipo.