Bunduki Iliyobaki Mezani

Ndugu waombolezaji, mjane wa marehemu, watoto, wajukuu, majirani na ninyi mliofanya naye kazi, familia imemteua mpwa wa marehemu, binti wa dada yake wa pekee, kuwasomea maisha ya mzee wetu huyu, na kabla ya kuanza inafaa mjue kwamba sehemu kubwa ya maneno haya aliyasema mwenyewe, akiwa kitandani, mwezi Julai mwaka huu, akamwagiza mpwa wake ayaandike na asiondoe kitu, hata pale ambapo sisi tulitamani kuondoa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mama mshonaji, na miaka mitano baadaye akafuatiwa na dada yake, ambaye leo ameketi hapa mbele. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, kisha akajiunga na shule ya ufundi, ambako alikaa miaka minne na kuhitimu tarehe 29 Novemba 1968 akiwa wa kwanza katika kazi za chuma na wa mwisho katika kumaliza mtihani, kwa sababu wenzake walipokuwa wamesharudisha vifaa na kwenda kula, yeye alikuwa bado anapiga msasa kipande ambacho msimamizi alikwisha kukipa alama zote.

Baada ya kufanya kazi reli kwa miaka mitano, tarehe 4 Februari 1974 aliajiriwa katika karakana ya idara ya wanyamapori akiwa fundi wa silaha, na hapo ndipo alipopewa jina ambalo wengi wenu mlimfahamu kwalo zamani, jina la Bado Kidogo, kwa kuwa ukimpelekea bunduki iliyokwama leo, ukamuuliza kesho kama iko tayari, hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na likabaki hilo hilo kesho kutwa, ingawa kwa haki ni lazima isemwe kwamba silaha ikishatoka mkononi mwake haikurudi.

Tarehe 9 Julai 1977 alifunga ndoa na mwalimu wa shule ya msingi, mama yetu huyu mjane, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1978, ambaye sasa ni daktari wa mifugo, wa pili mwaka 1981, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, na wa tatu mwaka 1985, ambaye ni muuguzi, na mama anasema kwamba hata kitanda cha yule wa kwanza kilikamilika mtoto akiwa anakimbia.

Mwaka 1979 dada yake naye aliolewa, na aliyemuoa alikuwa askari wa wanyamapori, rafiki mkubwa wa marehemu, mtu mrefu aliyeinama kila alipopita mlangoni, na kwa urefu huo kazini wakamwita Ngongoti. Huyo Ngongoti ndiye baba mzazi wa mpwa anayewasomea.

Kazi ya Ngongoti ilikuwa kuwaondoa wanyama wakali wanaoingia mashambani, na silaha waliyokuwa nayo ilikuwa bunduki nyepesi, nzuri kwa swala, ila kwa nyati ni kama kumkasirisha kwa makusudi. Tarehe 11 Novemba 1983, karibu na pampu ya maji ya kijiji, nyati mmoja alikula risasi tisa na kuanguka hatua tatu kutoka kwenye buti za Ngongoti, na mchana huo huo Ngongoti aliingia karakana, akayapanga maganda tisa ya risasi juu ya meza ya marehemu, moja baada ya jingine, kisha akasema, "Shemeji, la kumi lingekuwa la kunizikia. Nitafutie kitu kizito."

Marehemu hakuwahi kuichukulia kauli hiyo kama utani. Kuanzia Januari 1984 aliandika barua saba kuomba bunduki ya risasi nene, barua ya kwanza ikapotea, ya pili ikajibiwa kwamba silaha zilizopo zinatosha, ya tatu ikarudishwa kwa kukosa mhuri, na hizo nyingine zikazunguka ofisi hadi ofisi mpaka mwaka 1986, ambapo ilisikika kwamba mjane wa mwindaji mmoja wa zamani alikuwa na bunduki ya namna hiyo chini ya kitanda, haijaguswa kwa miaka kumi na minne, na alitaka kuikabidhi serikalini. Marehemu na Ngongoti walisafiri kwa treni siku mbili, wakiwa na kibali cha polisi, wakaipokea tarehe 22 Aprili 1986, na marehemu alisimulia kwamba mjane yule alipofungua sanduku, Ngongoti aliinua risasi moja, akaiweka kando ya kidole gumba chake, akaona vinalingana kwa unene, akacheka peke yake kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wake mchanga.

Bunduki yenyewe ilikuwa imechoka. Mtutu ulikuwa na kutu ya juu juu, kitako kilikuwa kimetobolewa na wadudu, na risasi ya pili ilikuwa inakwama njiani kabla ya kuingia chemba, jambo ambalo mbele ya nyati halina msamaha. Marehemu aliusafisha mtutu kwa siku kumi na moja, akachonga kitako kipya kutoka kwenye ubao mgumu alioukausha mwenyewe kwa miaka sita bila kujua anautunzia nini, akampima Ngongoti mkono, bega, shingo na shavu, kama fundi cherehani anayempima bwana harusi, kisha akatengeneza risasi bandia za mbao, akazipitisha kwenye bunduki ile mara mia tatu, akilainisha njia yake kwa tupa ndogo, mpaka zikawa zinaingia na kutoka bila kugusa popote.

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Juni 1986, waliijaribu kwenye machimbo ya kokoto. Marehemu alipiga wa kwanza, kofia ikaruka nyuma, bega likavilia damu kwa wiki mbili, na Ngongoti alicheka hadi akakaa chini. Kisha Ngongoti mwenyewe akapiga risasi tano kwa hatua hamsini, na matundu yote matano yangefunikwa na kisahani kimoja cha chai. Akaishusha bunduki taratibu, akasema, "Shemeji, basi. Hii imekwisha. Nipe." Marehemu akamjibu, "Bado kidogo."

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo marehemu alipoagiza tusiruke neno. Bunduki haikuruhusiwa kutoka karakana bila sahihi yake kwenye fomu ya makabidhiano, na kwa miezi miwili hakuitia sahihi fomu hiyo. Mara kilengeo cha mbele kilihitaji kupunguzwa unywele mmoja, mara rangi ya kitako haikukolea, mara kifyatulio kilikuwa kizito kidogo kuliko alivyotaka, na kila kasoro aliyoitaja ilikuwepo kweli, wala hapakuwa na hata moja ambayo ingemzuia nyati kuanguka. Alimwambia mpwa wake, kwa maneno haya, "Usiandike kwamba nilikuwa mwangalifu. Nilikuwa naringa. Watu walikuwa wanatoka ofisi kuu kuja kuiangalia mezani kwangu. Miaka kumi na miwili hakuna aliyewahi kuja kuangalia kazi yangu, na nilijua ikitoka, hawatakuja tena."

Jumatatu, tarehe 18 Agosti 1986, aliona mwanya kati ya chuma na mbao, mwanya usiopitisha hata karatasi ya sigara, akaifungua bunduki yote, akajaza gundi ya kuchanganya ambayo hukauka kwa siku nzima, akavibana pamoja kwa jiriwa ya mezani, akaenda nyumbani ameridhika.

Asubuhi ya Jumanne, saa mbili na nusu, Ngongoti aliingia karakana akiinama mlangoni kama kawaida, akasema kwamba kuna nyati aliyejeruhiwa na mtego kwenye matete, mita mia mbili kutoka njia ya watoto wa shule, na kwamba safari hii anachukua mzigo wao, ile bunduki nzito. Kisha akaona mtutu uko upande mmoja wa meza na kitako upande mwingine. Marehemu akasema, "Kesho saa nne nakukabidhi, haitakuwa na dosari hata moja." Ngongoti hakugomba, hakuwa mtu wa kugomba, alimpiga shemeji yake begani, akasema, "Wewe ungepewa kazi ya kuumba dunia, mpaka leo tungekuwa Jumatatu," karakana nzima ikacheka, marehemu naye akacheka, na Ngongoti akatia sahihi kwenye daftari, akachukua bunduki nyepesi, akatoka.

Alipiga risasi nne. Askari aliyefuatana naye alishuhudia kwamba zote nne zilimpata nyati pale zilipotakiwa kumpata, ila hazikuwa na uzito wa kumsimamisha, na nyati alipomfikia, alimfikia. Ngongoti alifariki njiani kwenda hospitali saa saba na dakika kumi mchana, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, akimwacha mke na binti aliyekuwa darasa la kwanza.

Kwenye mazishi yale, dada wa marehemu alimwendea kaka yake mbele ya watu, akamuuliza swali moja, "Kaka, ilikuwa inapiga au haipigi?" Akajibu, "Inapiga." Dada akageuka, na tangu siku hiyo hakuingia tena nyumbani kwa kaka yake kwa miaka minane na miezi saba.

Uchunguzi wa idara ulimkuta hana kosa, ukamwandikia barua ya kumsifu kwa kufuata taratibu, na barua hiyo ilimuuma kuliko karipio lolote ambalo angeweza kupewa. Bunduki aliikabidhi tarehe 28 Agosti 1986, ikatumika kwa miaka ishirini na mitatu, na askari kadhaa mlioko hapa mnajua kwamba mko hai kwa sababu yake, lakini yeye hakuwahi kuigusa tena, ikiletwa kusafishwa alimpa mwenzake, na mtu akiisifu alitoka nje. Jina la Bado Kidogo lilikufa siku aliyofariki Ngongoti, hakuna aliyelipiga marufuku, lilikufa tu midomoni mwa watu.

Tarehe 5 Aprili 1995 dada yake alifika mlangoni kwake akiwa amebeba cherehani iliyokatika mkono wa kuvutia uzi, hakusalimia, akaiweka barazani, akasema, "Nina nguo za wateja. Naitaka leo. Sihitaji iwe nzuri, iwe inashona tu." Marehemu aliifungua hapo hapo barazani, akachomelea kipande cha chuma bila kukipiga msasa, na kabla jua halijazama akaibeba begani hadi kwa dada yake, kovu la moto likionekana wazi, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza katika maisha yake aliyoitoa ikiwa na doa. Dada alishona mstari mmoja, akakata uzi, akamwambia binti yake, "Mtilie mjomba wako chai." Hawakuzungumza mengine siku hiyo, wala hatutawaambia kwamba yote yalipona, kwa sababu hayakupona, ila tangu hapo marehemu alikuwa anakuja kwa dada yake kila Jumapili, ndiye aliyemtafutia mpwa wake nafasi ya kusoma ufundi, na ndiye aliyemtoa siku ya harusi yake, akitembea polepole, akiangalia chini.

Marehemu alistaafu tarehe 14 Machi 2004. Masikio yake yalikuwa yamekwisha kuharibiwa na milio ya miaka thelathini, na tarehe 2 Oktoba 2016 alipata kiharusi kilichochukua mkono wake wa kulia, akajifunza kuandika kwa wa kushoto, herufi kubwa za kupinda, bila kuzifuta. Mwezi Juni mwaka huu figo zilianza kushindwa, akalazwa katika hospitali ya wilaya, wodi namba tatu, na akatutoka siku ya Jumanne, tarehe 3 Septemba 2019, saa tatu asubuhi, mke wake akiwa ameshika mkono ule ambao bado ulikuwa unahisi, marehemu akiwa na umri wa miaka sabini, miezi mitano na siku ishirini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, waliomhudumia bila kuchoka na kumwandikia maswali yao kwenye karatasi kwa kuwa hakusikia, majirani waliopokezana kumpeleka kliniki kila wiki, wafanyakazi wa karakana waliolitengeneza jeneza hili kwa siku moja, na askari wa wanyamapori waliolibeba. Wengine wote ambao hatukuwataja, mtuwie radhi, tunawakumbuka.

Mwisho, dada wa marehemu ameomba lisemwe jambo moja, kwa kuwa yeye mwenyewe ameshindwa kusimama. Nafasi iliyo kando ya kaburi la mumewe, ambayo kwa miaka thelathini na mitatu amekuwa akiipalilia akisema ni yake, leo asubuhi amewaambia wachimbaji waichimbe, alazwe kaka yake, na yeye atatafutiwa nyingine siku yake ikifika.

Mjomba, Mama amekupa mahali pake. Pumzika hapo, kando ya shemeji yako, kwa amani.