Nilivyoiachia Kalamu ya Nsimire

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena!

Mimi ni Mama Nsimire. Wengi mnanijua kutoka soko la Mutakura, pale ninapouza vitenge, na wengine mnanijua kwenye kwaya. Leo sikusimama kuimba. Nimesimama kusema jambo ambalo Bwana alinitendea, na nitalisema taratibu bila machozi, kwa sababu machozi nilishayamaliza. Yatakayomgusa binti yangu Nsimire nimemwomba ruhusa kuyasema. Ana miaka kumi na mmoja. Alifikiri kidogo, akanijibu, "Sema tu mama. Sema yote."

Kabla ya kuja Bujumbura mimi nilikuwa mwalimu. Nilisomea ualimu Bukavu, kule Kongo, nikafundisha Uvira miaka minne. Nilikuwa na chaki yangu, nilikuwa na darasa langu, na watoto walisimama nilipoingia. Kisha vita vikaja, tukavuka mpaka na mabegi mawili. Hapa nikatafuta kazi ya kufundisha, nikakosa, nikaanza kuuza vitenge. Namshukuru Mungu kwa vitenge, vimetulisha. Lakini ndugu zangu, moyoni sikukubali. Mteja akiniita "we mama wa vitenge", nilicheka kwa nje, ndani nikaumia.

Nsimire alipofika mwaka wa tano, masomo yakageuka kuwa Kifaransa. Hapo nikasema, sasa zamu yangu imefika! Kirundi cha shuleni kilinishinda, lakini Kifaransa ni changu.

Mwanzo wa mwaka tuliitwa wazazi wote. Mwalimu wa darasa ni mwanamke wa kimo kifupi anayeitwa Konsolata, na sisi sote tunamwita Madamu. Ana watoto zaidi ya sitini, wanakaa watatu kwenye dawati moja. Alitueleza anachotaka kwa kila mtoto: afike mapema na awe amekula chochote, daftari lake liwe na jalada, na kazi ya nyumbani, ile tunayoiita devwari, aifanye mwenyewe. Akarudia, "Mwenyewe. Nyinyi kaeni karibu naye, mumsikilize, halafu mtie saini. Msimfanyie." Nilikuwa nimekaa nyuma. Nikatabasamu. Nikasema moyoni, hayo anawaambia wale ambao hawakusoma.

Sasa sikieni nilivyofanya. Kila siku nikirudi sokoni, kabla hata sijafungua kitambaa cha kichwa, nilisema, "Nsimire, lete daftari." Mtoto akaanza kuandika. Neno la kwanza likiwa na kosa, nikamnyang'anya kalamu. "Lete hapa! Hii ni nini?" Nikafuta, nikamsomea jibu, yeye akaandika kwa mwandiko wake mzuri. Mwisho hata kujaribu aliacha. Alikuwa anakaa tu, kalamu juu ya karatasi, akisubiri nitamke. Na daftari lilirudi na kumi kwa kumi. Kumi kwa kumi! Nilikuwa nalibeba sokoni kuwaonyesha wenzangu.

Mume wangu anapakua mizigo bandarini, pale ziwani, na shule aliiacha mapema. Jioni moja aliniuliza, "Mama Nsimire, ile devwari ni ya nani?" Nikamjibu kwamba mambo ya shule aniachie mimi. Akaenda kuoga.

Kisha Madamu akaniita shuleni, tukasimama mlangoni mwa darasa. Akanionyesha karatasi za majaribio ya darasani: mbili kwa kumi, moja kwa kumi, tatu kwa kumi. Akasema, kwa upole kabisa, "Mama, nyumbani anajua kila kitu na hapa hajui kitu. Unaweza kunieleza?"

Ndugu zangu, ningeweza kusema ukweli pale pale na yangeisha. Badala yake nilipandisha sauti. Nilimwambia anamwonea mtoto kwa kuwa sisi ni Wakongo. Ndiyo, nilisema hivyo kwa mwanamke ambaye hakuwahi kututendea baya hata moja. Nikamwambia, "Mwite ubaoni sasa hivi, mbele yangu, uone!"

Akasema, "Apana mama. Leo tumuache."

"Mwite!"

Sikutoka mlangoni. Watoto wote wananiangalia. Mwishowe Nsimire akasimama mwenyewe, nafikiri ili niache kelele, akaenda mbele. Madamu akachagua swali jepesi: machungwa arobaini na nane, watoto sita, kila mmoja apate mangapi. Mtoto akashika chaki. Hakuangalia ubao. Aligeuza shingo akaniangalia mimi, akisubiri nimtamkie.

Kisha nikaona maji yanashuka kwenye mguu wake mpaka kwenye soksi.

Hakuna mtoto aliyecheka. Madamu alifungua kitenge alichojifunga juu ya sketi yake, akamfunga Nsimire kiunoni, akamshika mkono wakatoka. Mimi niliondoka nikaenda sokoni kufungua biashara, kama vile hakuna kilichotokea.

Na hapa ndipo nyinyi mnaingia, ndugu zangu, kwa sababu siku ile ya maombi nilimleta mtoto hapa mbele. Mnakumbuka. Niliwaambia kuna roho ya kusahau imemshika, ikemeeni! Mkamwekea mikono, mkaomba kwa moyo wote. Sikuwaambia habari ya kalamu, wala habari ya ule mlango wa darasa. Nsimire alisimama katikati yetu macho yamefumbwa, mikono imelegea. Aliamini kuna kitu kibaya ndani yake. Mimi, mama yake, ndiye niliyemwaminisha hivyo.

Juma lililofuata, siku ya Alhamisi, Madamu alikuja mpaka kwenye meza yangu sokoni. Mimi nilifikiri amekuja kugombana. Akaniamkia, kisha akauliza, "Nsimire anaendeleaje na malaria?"

"Malaria gani?"

"Wenzake wamesema anaumwa. Hajaonekana tangu Jumatatu."

Mtoto alikuwa anatoka nyumbani kila asubuhi, sare imepigwa pasi, begi mgongoni! Nilimwachia jirani meza, tukaanza kutafuta, mimi na Madamu. Yeye alikuwa kwenye mapumziko yake, na darasa la mchana linamsubiri, lakini alikuja nami. Tulipita kwa rafiki zake, tukapita uwanja wa mpira, tukapita hapa kanisani. Mimi nilikuwa nafikiria ziwa. Sikulitaja kwa mdomo, lakini nilikuwa nafikiria ziwa.

Tulimpata kwa Mama Hawa. Mama Hawa ni fundi wa kushona, Mwislamu, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi aliyehamia kwetu zamani, na mara nyingi ndiye anayewashonea wateja wangu. Kibanda chake kina pazia mlangoni. Tulipofika karibu nikasikia sauti ya binti yangu ndani, nikataka kuingia kwa nguvu. Madamu akanishika mkono. "Ngoja kwanza," akaninong'oneza. "Sikiliza."

Mama Hawa alikuwa anasema, "Sketi tatu za shule, mwanangu. Kila moja inakula mita moja na robo. Nikate ngapi?"

Kisha Nsimire akasema, taratibu, kama mtu anayetembea juu ya mawe mtoni, "Mita tatu… na robo tatu. Mita tatu na robo tatu, Mama Hawa."

"Una hakika?"

"Ndiyo. Njo vile. Mita moja moja ni tatu, robo robo robo ni robo tatu."

Nilimtazama Madamu, naye alikuwa amefunga macho anatabasamu.

Nikafungua pazia. Ndugu zangu, laiti mngeona ule uso! Utepe wa kupimia ukamdondoka. Mama Hawa akashtuka, akasema, "Asalaam, Mama Nsimire, kumbe hujui yuko hapa? Ameniambia anasoma zamu ya mchana." Nikamwambia mtoto, na sauti yangu ilikuwa ya upole, naapa, "Rudia ile hesabu. Sketi tatu."

Akasema, "Mi siyijui."

"Umeisema sasa hivi!"

"Ilikuwa hapa." Akagusa kichwa. Halafu akasema neno ambalo sitalisahau mpaka nizikwe: "Mama, we ukiwa karibu, hesabu zinanikimbia."

Hakulisema kwa hasira. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anavyomweleza daktari panapouma.

Nilikaa juu ya rundo la vitambaa vya Mama Hawa. Sikulia. Nilijiona, ndivyo ninavyoweza kusema, nilijiona kama mtu anavyomwona mwingine kwa mbali upande wa pili wa barabara. Nilimwona mwanamke aliyepoteza darasa lake akaamua kufungua lingine ndani ya daftari la mtoto. Zile kumi kwa kumi zilikuwa za kwangu mimi. Mtoto alikuwa ananiandikia tu. Ndugu zangu, tuliomba pepo litoke kwa Nsimire, na kwa Nsimire hapakuwa na pepo! Kiburi kilikuwa ndani yangu, na Bwana alikuwa ananionyesha kwa mdomo wa binti yangu mwenyewe.

Nikamwomba Madamu msamaha, pale kibandani, kwa yale maneno ya Ukongo. Akasema, "Yamepita, mama." Nikamwomba Nsimire msamaha. Mnajua kwetu mzazi hamwombi mtoto msamaha. Mdomo ulikuwa mzito, lakini nilimwomba. Yeye akaokota utepe, akaukunja vizuri, akamrudishia Mama Hawa. Hakusema kitu. Alikuwa na haki ya kutosema kitu.

Msifikiri yaliisha siku ile. Wengine wanafunguliwa kwa saa moja, na Mungu awabariki. Mimi ilinichukua miezi. Madamu aliniambia cha kufanya: nikae na mtoto nusu saa jioni, mikono mitupu. Akisoma, nisikilize. Akikwama, nimwulize, "Unafikiri nini?" kisha ninyamaze. Akikosea, nimwache. "Kosa lake ndilo linaniambia nianzie wapi," alisema. "Wewe ulikuwa unanifichia makosa yake. Nilikuwa nafundisha gizani."

Mimi, mwalimu, sikuwa nimelijua hilo!

Jioni ya kwanza nilikalia mikono yangu. Kweli, niliikalia! Niliona kosa la kwanza, la pili, la tatu, mpaka sita, na kila moja liliniita kwa jina. Alipomaliza nikatia saini chini ya makosa yote sita. Daftari likarudi na nne kwa kumi, na Madamu ameandika kwa wino mwekundu: *Vizuri. Hii ni kazi yako.* Nsimire alilisoma mara mbili. Akalala na daftari karibu ya mto.

Aliyenisaidia kuliko wote ni mume wangu. Yeye hakujua majibu, basi alikuwa anauliza kwa kweli. Anakaa na mtoto, mwili mzima unauma kwa magunia, anasema, "Haya mwalimu, nieleze mimi. Hiki kijistari katikati ya namba ni cha kazi gani?" Na mtoto anamweleza. Anakosea, anajishtukia, anarudi nyuma, anaeleza upya. Nilikuwa napika nasikiliza, nikamshukuru Mungu kwa mume ambaye nilimdharau kwa kukosa shule.

Niliwahi kuanguka. Jioni moja nilikuwa nimechoka, nikaona ameandika kitenzi vibaya, mkono ukaenda wenyewe ukashika kalamu. Nsimire hakuiachia. Tukawa tumeishika wote wawili. Akasema, pole pole, "Mama, Madamu amesema hii ni yangu." Miezi michache nyuma asingethubutu. Nikaiachia. Nikaenda nje nikasimama kidogo, nikasema, asante Bwana, mtoto wangu amenikataza!

Mwisho wa mwaka alipita. Hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa ishirini na tatu. Aliniletea karatasi ya matokeo akaniangalia usoni, ananipima, na mimi niliona vizuri kwamba ananipima. Nikamwambia, "Wa ishirini na tatu ni wewe mwenyewe. Zile kumi kwa kumi zote zilikuwa mimi." Akacheka, ndugu zangu! Kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu tuvuke mpaka.

Namshukuru Mungu aliyenifungua. Namshukuru kwa Madamu aliyeacha mapumziko yake kutafuta mtoto wa mwanamke aliyemtukana. Namshukuru kwa Mama Hawa, ambaye hasali pamoja nasi lakini alimpa binti yangu mahali pa kupumua. Nawashukuru na nyinyi kwa yale maombi. Hayakupotea. Mungu aliyapokea, akayapeleka panapostahili.

Kama yupo hapa mzazi ambaye mtoto wake anatetemeka akisikia neno "daftari", mwamini Bwana, anaweza. Kama yupo anayebeba kitu alichokipoteza na kumtwisha mtoto akibebe, mwamini Bwana, anaweza! Mchungaji ataita watu mbele kwa maombi sasa hivi. Njooni, msiogope, mimi nitakuwa wa kwanza. Lakini leo watoto tuwaache wakae kwenye viti vyao. Twende sisi.