Nailoni Niliyoibandua kwa Mkono Wangu

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Ndugu Mtendaji wa Kijiji, Baba Mchungaji na Shehe wetu mliokubali kukaa meza moja kuniaga ninapostaafu, wazee wangu wa Misigiri, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi, na ninyi wageni mliotoka Singida Mjini na mavumbi ya njiani, karibuni sana.

Tangu asubuhi mmenisifu. Mwalimu Chediel amesimama hapa akasema kwamba katika miaka yangu thelathini na minne ya kazi, kumi na moja nikiwa mwalimu mkuu wa shule hii, hajawahi kunisikia nikisema uongo. Mkapiga makofi. Nilikuwa naangalia viatu vyangu. Naomba mniruhusu niache hotuba niliyoandika, ambayo ilikuwa nzuri na ndefu, niseme jambo moja tu.

Mwaka juzi binti yangu Lucy, anayefanya kazi Arusha, aliniletea simu ya kukunja. Nani kati yetu hapa alikuwa ameiona? Tulikuwa tumezoea simu zote zifanane, kibao cheusi chenye kioo mbele, yako na yangu tofauti ni kava tu. Ghafla watengenezaji wakaanza kutuletea simu inayojifunga kama kitabu, nyingine inayokunjwa mara mbili kama shuka, nyingine inayoingia mfukoni ikiwa ndogo kama kiberiti na kutoka ikiwa pana. Yangu ilikuwa ya kitabu. Ndugu zangu, nilijivuna. Kwenye vikao nilikuwa naifungua hata kama hakuna aliyenipigia. Kwenye harusi ya mtoto wa jirani niliifungua na kuifunga mpaka bwana harusi akaja kuitazama akamwacha bibi harusi amesimama.

Ilipofika mwezi wa tisa, wakati wa kumalizia kupepeta alizeti, niliona kwenye mkunjo wa kioo kuna kitu kama nailoni kimeanza kunyanyuka pembeni. Nikadhani ni ile nailoni ya dukani ambayo mtu huibandua akishanunua kitu kipya. Nikaingiza ukucha, nikaivuta, ikatoka yote. Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate. Kisha mstari mweusi ukashuka katikati, na nusu ya kioo ikazimika.

Nikaipeleka kwa Editha. Wengi mnamfahamu Editha, nilimfundisha hesabu darasa la sita. Alikuwa na meza yake ya ufundi simu kwenye kibaraza cha duka la Mzee Antipasi, pale barabarani. Akanisalimia, akaipokea kwa mikono miwili, akaiangalia mwangani. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ngozi ya juu ya kioo nani ameitoa? Hii haitolewi, ni sehemu ya kioo chenyewe."

Palikuwa na watu wanne wamesimama, na wawili kati yao ni wazazi wa wanafunzi wangu. Mimi, niliyekuwa nawaonyesha watu simu hiyo kama mtaalamu, ningewaambia nini? Nikajibu, "Mimi sijui. Iangalie tu."

Akasema, "Hii siifungui, Mwalimu. Nikiigusa nitaiharibu zaidi, na kifaa chake sina." Nikamwambia aiweke mpaka jioni aitafakari. Jioni akanirudishia vile vile.

Lucy alipopiga simu nikamweleza kwamba ngozi ya kioo imetoka na nusu imezimika, akaniuliza, "Baba, ni nani ameibandua?" Ndugu zangu, nilikuwa na sekunde moja ya kusema kweli, na nikaitumia kusema, "Fundi."

Neno moja. Sikulizunguka, sikulipamba. Lucy akampigia Editha, na alipokana akamwita mwongo na kumtukana. Kesho yake kwenye kikao cha wazazi mmoja akaniuliza nani ameiharibu simu yangu, nikalirudia lile neno mbele ya watu zaidi ya mia. Mnakumbuka? Mlikuwapo. Nani aliniuliza ushahidi? Nani alimwita Editha amsikilize? Hakuna, kwa sababu aliyesema ni mwalimu mkuu. Watu wakaenda kuchukua simu zao mezani kwake hata zile ambazo hazijatengenezwa. Baada ya wiki mbili Mzee Antipasi akamwambia atafute pengine. Mzee wangu, sikulaumu, nawe uliniamini mimi. Mama yake Editha, Mama Sikudhani, akaacha kuuza vitunguu mahali pake gulioni kwa sababu wateja walikuwa wakipita wakinong'ona, "Ndiye mama wa yule." Mimi nilipita pale nikaona nafasi yake iko wazi. Nikapita.

Mwaka huu mwezi wa tatu Mwalimu Chediel alinunua simu ya kukunja, ikagoma kufunguka. Akaniambia fundi anayeziweza yuko Singida Mjini, nyuma ya soko, tumpelekee. Tukaenda. Kumbe ni Editha, ameajiriwa kwenye duka la mtu, amejifunza simu hizi moja baada ya nyingine, na watu wanamletea hata kutoka mikoa ya jirani. Aliponiona akasimama. "Shikamoo, Mwalimu."

Chediel alipotoka kwenda kununua maji, Editha akafungua simu yake akanionyesha picha. Ilikuwa simu yangu, mezani kwake, siku ile, saa ile aliyoipokea, ngozi ikiwa imeshatoka. Akasema, "Kila simu ninayopokea naipiga picha kwanza, nisije nikasingiziwa."

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuwaonyesha watu?"

Akaizima simu yake. Kisha akasema, "Wiki ile darasa la saba walikuwa wanaanza mtihani. Mdogo wangu alikuwamo. Sikutaka waingie chumba cha mtihani huku wazazi wao wanagombana na mwalimu wao. Baadaye niliona nimeshachelewa."

Mimi mwenye cheti cha ualimu ukutani nilifikiria heshima yangu. Yeye niliyemharibia jina alifikiria wanafunzi wangu. Na hata baada ya siku ile, nimekaa miezi kadhaa bila kusema, nikingoja kustaafu, nipate kwanza barua yangu safi. Hilo nalo mlijue.

Mke wangu Selina nimemwambia leo asubuhi, wakati ananinyooshea shati hili. Hakulia. Aliniuliza tu, "Utasema mwenyewe, au nitasema mimi?" Lucy, mwanangu, naona umeinama. Inua kichwa. Matusi uliyomtukana Editha nilikuwekea mdomoni mimi.

Editha amekaa pale nyuma, safu ya mwisho, karibu na wapishi. Nilimwomba aje bila kumwambia kwa nini. Editha, hukuibandua wewe. Niliibandua mimi, kwa mkono huu. Ninyi nyote mnaonisikia, naomba msimgeukie sasa hivi na kumwambia anisamehe. Nilimsema mbele ya watu, asilazimishwe kunisamehe mbele ya watu. Akitaka, atanitafuta. Asipotaka, ni haki yake. Kazi ninayowaomba ninyi ni nyingine: kila mmoja wenu anamjua mtu aliyemwambia habari za fundi mwongo wa Misigiri. Rudini kwa mtu huyo huyo mkamwambie mwongo alikuwa nani.

Mheshimiwa Diwani, ratiba inasema nikimaliza nisindikizwe kwa nyimbo na zawadi hadi nyumbani. Naomba nyimbo ziachwe, na chakula mkianze bila mimi. Mama Sikudhani alikataa kuja leo, na alikuwa na sababu. Nyumba yake iko baada ya mashine ya alizeti, na nimeshamwambia Selina kwamba natangulia huko kwa miguu kabla sijala chochote.

Nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka hapa bila kuondoka, maana mngeondoka ningeelewa. Asanteni.