Mama Gerson Anaondoka, Jukwaa la Mikorosho Halifungwi

Ninyi mia tatu na arobaini mliojiunga na Jukwaa la Mikorosho, mkapokea fulana, kisha mkanyamaza, pilau ya leo msiile kwa raha sana. Nimepewa ukurasa huu wa ratiba ya sherehe nimsifu mwenzetu, na nitamsifu, lakini siwezi kumsifu mtu mbele ya watu waliomchosha bila kuwaambia kwanza. Mlimchosha. Mmeshajua, sasa tuendelee.

Mama Gerson, jina la kwenye vyeti Sia Tarimo, afisa ugani, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, yote hapa kwenye kituo chetu cha kilimo Newala. Mimi Yuster nimefanya naye kazi miaka yote hiyo, kwenye kitalu cha miche. Mimi kibarua, nimeishia darasa la nne, kwa hiyo hakuna karatasi ya kunistaafisha na wala sijamwomba mtu anisahihishie haya.

Alikuja kutoka Rombo mwaka 1994 na begi moja na koti zito la baridi. Siku ya kwanza akauliza bomba la maji liko wapi. Tukampa ndoo, tukamwonyesha njia ya kuteremka bondeni. Alidhani tunamtania. Jioni yake alipanda kilima na ndoo kichwani, imebaki nusu, nguo zimelowa, akaimimina, akateremka tena. Nikawaambia wenzangu huyu atakaa.

Kazi yake ilikuwa mikorosho, kuanzia Mkunya hadi huko chini Masasi, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki. Mzee Bwanali wa Chiungutwa alimkatalia asiguse miti yake. Alisema mwanamke wa mlimani hawezi kuja kukata matawi aliyoyaacha baba yake. Mama Gerson hakubishana. Alikwenda kukaa kwake siku tatu, akabangua korosho na wake wa pale, akala walichokula. Siku ya nne mzee akamwonyesha mkorosho mmoja, ule mbaya kuliko yote, akamwambia haya, chezea huo. Akaupogolea, akaupulizia dawa ya salfa kwa wakati wake. Msimu ulipofika, mzee aliokota chini ya mti ule mpaka akawaita majirani waje kushuhudia. Tangu hapo ni yeye anayetuma mtu kuuliza mama yule atakuja lini.

Miaka ikaenda, magoti yakaanza kumsumbua. Swali moja la ubwiriunga, ule ukungu mweupe kwenye maua, alikuwa analijibu vijiji kumi na tano wiki moja, maneno yale yale. Ndipo akasema tufungue jukwaa la mtandaoni, wakulima waulizane wenyewe, anayejua amjibu asiyejua. Likafunguliwa Agosti mwaka jana. Palikuwa na bango, soda na fulana za kijani. Watu mia tatu na arobaini walijiunga siku moja. Zile fulana nimeziona mashambani kila mahali, mpaka kwenye sanamu ya kutishia ndege. Ndani ya jukwaa hapakuwa na mtu anayeandika.

Mama Gerson aliandika humo kila asubuhi. Alibandika picha za majani, aliuliza nani ameona hiki, nani amejaribu kile. Walisoma, maana jukwaa linaonyesha waliosoma. Kujibu, hakuna. Miezi mitano mwanamke mzima anazungumza peke yake.

Januari mkuu wetu wa kituo, Bwana Shadrack, akasema wakulima wa huku ni watu wa kusikiliza, kuandika si kwao. Akatoa muda: mpaka mwisho wa Aprili wasipopatikana watu hamsini wanaoandika wenyewe kwa wiki, jukwaa linafungwa na tunarudi kwenye matangazo ya ukutani. Bwana Shadrack, uko meza ya mbele na unasoma, sijaongeza kitu.

Kwa Mama Gerson ile ilikuwa kazi yake ya mwisho, na alikuwa anaambiwa ameishindwa. Hakuomba muda mwingine. Alipanda pikipiki na magoti yale yale, akaenda kuuliza nyumba kwa nyumba kwa nini mnanyamaza, nami nikapanda nyuma.

Kwa Mzee Bwanali tulikaribishwa ukumbini. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Humo nimeingia siku ya kwanza, mwanangu. Nimekaa miezi mitano. Hakuna hata mmoja aliyeniamkia. Mimi nitaanzaje kusema?"

Tukapanda Mkunya kwa Bimdogo, ambaye ndiye mkulima hodari kuliko wote upande ule, na asiyejua kunyamaza. Naye tukamuuliza. Alicheka mpaka akakaa chini. "Bibi Yuster, nawe unauliza? Nafungua naona Bwanali Saidi, Gabriel Hamisi, na mwingine sijui nani. Huyu ni mzee au mtoto? Nimpe shikamoo au niisubiri kwake? Nikikosea, kesho tunakutana msibani. Basi nasoma, nafunga, nakwenda zangu shamba."

Hapo nilitamani kuiacha pikipiki nirudi kwa miguu. Fundi wa kompyuta aliyetengeneza jukwaa alitoka mbali, aliandikisha watu kwa majina ya vitambulisho kama alivyofundishwa, yeye simlaumu. Lakini sisi wa huku tulikuwepo. Tumezaliwa tunajua kwamba mtu mzima haitwi jina tupu kama kuku, na kwamba mkutano hausemi neno wazee hawajaamkiwa. Tukakaa tunakunywa soda, tukawaingiza wazee wetu ndani ya chumba kisicho na umri wala majina ya watoto wao, kisha tukawalaumu kwa kunyamaza kwao. Kosa lile ni letu, na mimi nimo.

Mama Gerson alimpigia fundi simu pale pale uani kwa Bimdogo. Fundi akasema mfumo unataka jina la kitambulisho. Mama Gerson akamjibu kitambulisho kikae kabatini, humu ndani watu waitwe wanavyoitwa nyumbani. Wiki nzima tuliandika upya, mimi nikitaja na yeye akibonyeza: Mzee Bwanali akawa Baba Abuu wa Chiungutwa, Bimdogo akawa Mama Faruku wa Mkunya, kila mtu na mtoto wake na kijiji chake. Kisha kila asubuhi Mama Gerson akawa anafungua kwa kuwaamkia wazee mmoja mmoja, na haandiki lingine mpaka waitikie.

Wiki ile ya kwanza ilikuwa shikamoo na marahaba tu. Ofisini wakacheka, wakasema jukwaa limekuwa baraza la kuamkiana. Mama Gerson akawaambia ndiyo, karibuni.

Siku ya tisa Mzee Bwanali akaitikia marahaba, kisha akaongeza kwamba mkorosho wake wa upande wa njia unanyauka tawi moja, mengine mazima, na hajawahi kuona. Kabla jua halijawa kali watu kumi na mmoja walishamjibu. Mmoja wa Nanganga akasema kwake ni hivyo hivyo. Bimdogo akauliza aliyewapogolea ni nani. Kumbe ni mpogoleaji yule yule mmoja, katembea na panga lile lile shamba hadi shamba bila kuliosha, akibeba ugonjwa. Mama Gerson alifika, akathibitisha kuwa ni ugonjwa wa mnyauko, miti sita ikang'olewa na kuchomwa. Ni sita tu. Mzee Bwanali ana miti mia mbili, na ya majirani zake siwezi kuihesabu, yote ingeweza kuambukizwa.

Baada ya hapo hakuna aliyewazuia. Watu wa Masasi wakawaambia wa Newala hamjui kupulizia kwa kuwa mmezoea kubania maji. Wa Newala wakawajibu mikorosho yenu mnaipogolea kama mnamnyoa mgonjwa. Wakataniana, wakafundishana humo humo. Mwisho wa Aprili walioandika kwa wiki walikuwa sabini na wawili. Bwana Shadrack aliangalia, akaangalia tena, akajiandikisha. Anaitwa Baba Violet humo, na jana Mama Faruku alimuuliza miche aliyoahidi iko wapi.

Sasa nasikia lingine. Karatasi imebandikwa ukutani ofisini kwamba kwa kuwa mama anastaafu, jukwaa litapumzishwa kuanzia tarehe 1 Julai hadi apatikane afisa mwingine. Julai, maua yakiwa yanatoka na ukungu unakuja. Apatikane lini, haikusema. Nani kawaambia linaendeshwa na mshahara? Wanaojibiana humo ni wakulima, na wataendelea kujibiana.

Mama Gerson, tunakushukuru kwa miaka yako na kwa magoti uliyoyaacha kwenye njia zetu. Rudi Rombo upumzike, Mungu akupe afya, wajukuu wakuheshimu, na migomba yako izae. Ukiingia jukwaani utaingia kama mzee, na zamu ya kukuamkia ni yetu.

Ninyi wa fulana za kijani, tarehe 1 Julai asubuhi kila mmoja aandike hali ya maua shambani kwake. Sitaki kusikia simu haina chaji. Bimdogo ndiye atakayefungua jukwaa siku hiyo na siku zote zinazofuata, nimeshaongea naye na amekubali. Na wewe Baba Violet, kaitoe ile karatasi ukutani, kisha kabla sahani hazijaondolewa mezani, mwandikie Bimdogo neno la siri la jukwaa. Amekaa meza ya tatu, ana kalamu.